Pijo ya Bibi Kalista

Taufiki hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Taufiki alikuwa anapewa. Tuelewane mapema, maana mwenyewe alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Babu yake alitoka Tanga akaja Biharamulo kuuza chumvi na vitenge, akafa na jina safi. Mjukuu alirithi Kiswahili tu, kile laini cha pwani, na huku kwetu ambako Kiswahili ni cha shuleni na sokoni, hicho kilimtosha kula mjini.

Siku hiyo alikuwa Nyakanazi, kibandani kwa Mama Esperansia, anakula ndizi na maharage huku akiangaza macho kutafuta wa kumlipia. Meza ya jirani dada mmoja mwenye mwanya alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha mafuta.

"Ndiyo, ile Pijo 504 ya marehemu babu! Mzungu wa Kigali anatoa milioni ishirini. Ila anataka ifike Rusumo inatembea yenyewe. Bibi hajui chochote, anaanika kahawa juu ya boneti!"

Taufiki aliacha kutafuna. Milioni ishirini zimeanikiwa kahawa! Jamani, kuna uzembe mwingine mtu mwenye dini hawezi kuufumbia macho. Kabla simu haijakatwa alishajua pa kwenda: kilimani karibu na Rulenge, kwa Bibi Kalista, mjane wa mwalimu Gaspari.

Alifika siku ya tatu, suruali imenyooshwa, faili kwapani, juu ya pikipiki yake nyekundu. Hiyo pikipiki ndiyo mali pekee aliyoipata kwa jasho, na aliiosha kila asubuhi kabla hajanawa uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje. Karibu ukae."

"Natoka Kitengo cha Vyombo vya Moto Vilivyolala." Kitengo hicho alikianzisha mwenyewe pale Lusahunga, akisubiri mvua ikatike. "Gari likilala zaidi ya miaka mitano, bibi, ni hatari kwa mazingira. Litataifishwa. Ila sisi, kwa huruma, tunaliondoa na kumpa mwenyewe laki tano za pole."

Bibi Kalista alijikuna sikio. "Unaongea vizuri kama redio. Lakini mimi Mhangaza, Kiswahili chako kinanipita. Niandikie, wajukuu wanisomee."

Taufiki akaandika kwa mwandiko wa kulala, akagonga muhuri wa duara aliochongewa Biharamulo. Ule muhuri aliupenda kuliko ndugu zake.

"Sasa," bibi akasema, "marehemu aliacha neno. Gari lake lisitoke hapa likiburutwa kama mbuzi aliyekufa. Litoke kwa injini yake, likipiga honi. Nani atalitengeneza?"

"Kitengo, bibi! Gharama zote ni juu ya Kitengo!"

"Andika na hilo."

Akaandika. Safari hii akagonga muhuri mara mbili, kwa furaha tu.

Turubai lilipofunuliwa, furaha ilipungua. Pijo ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, imekaa kwenye tairi zilizobonyea upande mmoja kama mandazi. Betri imekufa. Breki zimeganda. Ndani ya chujio la hewa panya alikuwa amejenga, na alionekana hana mpango wa kuhama.

Bibi alileta kigoda akakaa pembeni. "Petroli yote mwaga, imeoza. Ukiiwasha na hiyo utaua kabureta. Hizo plagi anza kuzikaza kwa mkono, kichwa ni cha aluminiamu, meno yake yanalika."

Taufiki akageuka. "Bibi, umeyajulia wapi?"

"Marehemu alikuwaga anasema."

Tairi nne, betri, mipira ya breki, mabomba ya maji, mafuta ya injini. Jumatano Taufiki aliipeleka pikipiki yake Benaco akaiuza, akarudi kwa basi na maboksi ya spea. Alilia kidogo, sitawaficha. Kisha akajipa moyo: milioni ishirini, Taufiki. Pikipiki utanunua hata tano, na moja uitundike ukutani.

Ijumaa mchana injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza, halafu ikaanza kuimba. Bibi Kalista alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kesho asubuhi njoo uichukue," akasema. "Uvae vizuri. Ni siku ya heshima."

Kesho yake Taufiki alikuta ua umejaa watu. Pijo ilikuwa imeng'arishwa, ina riboni nyeupe kuanzia boneti hadi buti. Mlangoni pa nyumba alisimama bibi harusi ndani ya shela, akitabasamu. Alikuwa na mwanya.

Taufiki akaukumbuka mwanya ule, wa kibandani kwa Mama Esperansia.

"Huyu hapa!" Bibi Kalista alipaza sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka cha taarifa ya habari. "Ndugu zangu, ndiye afisa aliyetumwa kututengenezea gari bure. Barua yake ninayo, ina mihuri! Mwanangu, kutana na mkwe wangu Derick. Yeye ni polisi. Ana hamu sana ya kukijua hicho Kitengo chako."

Derick alimpa mkono na hakuurudisha. "Karibu, bosi. Kitengo kiko wizara gani?"

Taufiki alipima. Akiwa afisa, kazi yake imekwisha na anarudi kwao kwa miguu. Asipokuwa afisa, kuna mtu atataka kujua muhuri ulitoka wapi.

"Leo," alisema kwa sauti ndogo, "niko likizo."

"Vizuri," bibi akasema. "Basi utamwendesha bibi harusi wetu, Priscila, kanisani."

Akamvuta nyuma ya gari, akafungua buti na kumwonyesha spea kuukuu. "Redieta iliyofungwa sasa nililetewa na mtu wa bima, harusi ya Keza. Kioo cha mbele, bwana mmoja wa makumbusho, harusi ya Claudia. Gaspari aliapa kila binti wa nyumba hii ataingia kanisani ndani ya Pijo. Inatoka siku hizo tu, na pensheni ya mwalimu haitoshi hata tairi moja. Nyinyi wajanja mnatosha. Nimebakiza mmoja, Eustakia."

Taufiki aliendesha. Alipiga honi kila kona mpaka kanisani, watoto wakikimbia pembeni, vigelegele nyuma, na injini haikukosea hata mara moja. Aibu ni kwamba aliona fahari.

Mwaka uliofuata alikuwa tena kwa Mama Esperansia. Meza ya jirani alikaa msichana mwenye mwanya ule ule, akipiga kelele kwenye simu: Pijo, Mzungu wa Kigali, milioni ishirini na tano. Pembeni, Niyonzima wa Rusumo, anayewauzia madereva wa malori nafasi kwenye foleni ambazo hazipo, aliacha kutafuna.

Akamsogelea Taufiki. "Kaka, umewahi kuisikia hiyo Pijo?"

Taufiki alifuta vidole polepole. Alikumbuka pikipiki nyekundu. Alikumbuka pia mlio mbaya aliousikia chini ya gari siku ile, wakipanda kilima cha kanisani.

"Nimeisikia," akasema. "Na Mzungu amepandisha, sasa ni thelathini. Ila ekzosi imetoboka, ndugu yangu. Nunua mpya."