Malalamiko Kuhusu Pedali Mbili Zilizoshindwa Kujaza Nafasi ya Shemeji Yangu

Regis Hlavaty,
Saxon Hollow, karibu na Pittsburgh,
Pennsylvania.
Jumanne, 10 Machi

Ndugu Mhariri wa jarida la Nyuzi Nne,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na umeketi, kwa sababu ukiisoma umesimama utatafuta pa kushika. Nimekuwa msomaji wako kwa miaka kumi na tisa. Kwa miaka ishirini na sita nimepiga gitaa la besi katika bendi ya watu watatu: mimi kwenye besi, mke wangu Darlene kwenye ngoma, na kaka yake, Emil, kwenye gitaa la solo. Sijawahi kumwandikia mhariri yeyote kulalamika, ila ile mara moja kuhusu kalenda, na hiyo mimi na wewe tulikwisha kuisahau.

Lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Katika toleo la Januari, ukurasa wa 44, mlilinganisha kwa jedwali pedali kumi na tisa, za ovadraivu na za distoshen, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyokwaruza sauti ya gitaa, kwa ajili ya wapiga besi. Mliandika, nami nanukuu kwa sababu ukurasa nimeukata na kuubandika kwenye friji: "Mpiga besi mwenye pedali nzuri hana haja ya kumsubiri mpiga gitaa." Maneno hayo, Ndugu Mhariri, niliyasoma siku tatu baada ya Emil kujitoa kwenye bendi. Niliyasoma mara nne nikiwa nimesimama jikoni na soksi moja. Nikasema basi, Mungu si Athumani, na nikaagiza pedali mbili siku hiyo hiyo.

Kwa nini Emil alijitoa? Halilihusu jarida lako, lakini nisije nikaambiwa nimeficha. Huku kwetu theluji ikianguka, mtu huzoa mbele ya nyumba yake, akaweka kiti pale barabarani, na mahali pale pakawa pake pa kuegesha gari mpaka theluji iyeyuke. Ninyi mko California. Kwenu kiti ni cha kukalia. Basi Emil alizoa theluji kwa saa mbili nzima, akaweka kiti cha jikoni, akaenda kununua mkate. Mimi nikafika kwa mazoezi na amplifaya ya kilo arobaini na goti bovu. Nikakisogeza kiti. Nasema nilikisogeza tu! Sikukivunja, sikukitukana, nilikiweka kando ya ngazi kwa adabu zote. Emil aliporudi akaliona gari langu, akakiona na kiti. "Umekigusa," akaniambia. Nikamjibu kwamba barabara ni ya serikali. Alibeba kiti chake akaingia nacho ndani, na tangu siku hiyo hajarudi jukwaani.

Sheria iko upande wangu. Nimeisoma. Tuendelee na makosa yenu.

1. Ovadraivu mliipa nyota tano, mkaisifu kwamba ina joto na haipotezi sauti nzito. Sikatai, ni kweli tupu. Ukigusa uzi taratibu besi inabaki safi, ukiuvuta kwa nguvu inakwaruza kama sauti ya mjomba aliyeamka na mafua. Nilipoijaribu nyumbani peke yangu machozi yalinilengalenga. Sasa, kila Ijumaa ya Kwaresima sisi hupiga katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, jioni, watu wakila samaki wa kukaanga, pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, na kachumbari ya kabichi. Ijumaa ya kwanza wimbo ukafika pale ambapo Emil huingia na solo. Nikakanyaga pedali. Nikavuta uzi. Ikakwaruza vizuri kabisa. Mama mmoja wa meza ya mbele akamgeukia mumewe: "Hebu kawaambie jikoni, friji yao inakata roho." Mpishi akatoka na mwiko mkononi, akafungua friji, akainama kuisikiliza. Nyota tano mlitoa, Mhariri, na hakuna mahali mlipoandika kwamba mpishi atafungua friji.

2. Distoshen mliipa nyota nne na nusu, mkaahidi "ukuta wa sauti". Hii haijali umegusaje. Gusa kwa upole, gusa kwa hasira, yenyewe inanguruma tu. Nikaipeleka Ijumaa ya pili. Ukuta niliupata, siwasingizii. Lakini ile sauti nzito ya chini, ambayo kwa ajili yake mpiga besi hupewa sahani mbili za samaki badala ya moja, ilitoweka yote. Tulipopumzika Darlene akanishika mkono: "Wewe mwanamume, mimi napiga ngoma nakutafuta chini, kumbe uko darini na nyuki!" Mama mkwe wangu, Bibi Dolores, mwanamke mstaarabu wa miaka sabini na tisa, alichomoa kifaa chake cha kusikia, akakizungushia kitambaa cha karatasi, akakitia mkobani na kuendelea kula kwa amani. Usiku ule ndipo nilipoyakuta, ukurasa wa 47, kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, maneno kwamba pedali ina kitufe cha kuchanganya sauti safi na sauti iliyovunjwa, na kwamba mpiga besi "asikisahau". Asikisahau! Hilo ndilo jambo lenyewe zima! Ni kama daktari amwache mgonjwa afike kituo cha basi ndipo amkimbilie kumwambia dawa ile ni ya kupaka, si ya kunywa.

3. Kwenye ukurasa huo huo wa 47 mkaandika: "Wenye moyo wanaweza kuziunganisha zote mbili." Mimi ninao moyo. Ijumaa ya tatu nikaweka ovadraivu mbele, distoshen nyuma, kitufe cha kuchanganya katikati kama mlivyoagiza, nikangoja solo ifike. Sauti iliyotoka, Ndugu Mhariri, siwezi kuiweka kwenye karatasi. Sahani zilitembea. Wazima moto watano waliokuwa wakila waliangaliana, wakaacha samaki wao, wakavaa makoti na kofia, wakatoa gari kubwa nje na kuwaswaga watu wote uani kwenye baridi, kwa maana mkuu wao, Bwana Kuzma, aliamini kwamba boila la kupashia ukumbi joto linataka kupasuka. Mimi nilikuwa nimefumba macho, naendelea na solo. Nilipofumbua, ukumbi ulikuwa mtupu na Darlene ameweka vijiti chini. Bwana Kuzma akaja hadi jukwaani, jasho linamtoka. "Regis, ndugu yangu," akasema, "miaka thelathini nazima moto. Leo ndiyo mara ya kwanza natamani ungekuwa moto." Samaki walikuwa wamepoa, na samaki aliyepoa huku kwetu hasahauliki hadi Pasaka ya mwaka wa pili.

4. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ijumaa hii Bibi Dolores anatimiza miaka themanini, na atasherehekea pale pale ukumbini. Kila mwaka siku hiyo Emil humpigia walzi, muziki wa dansi ya taratibu, aliyokuwa akiipenda marehemu mumewe, mimi na Darlene tunafuata nyuma, na mama wa watu anacheza hatua chache na kiti kitupu cha mzee wake. Sasa ametamka: "Kama mwanangu hayupo jukwaani, mimi nitakula mkate wangu nyumbani. Sitaki kuwaona watoto wangu nusu nusu." Nilimwahidi kwamba walzi nitaipiga mimi. Nikaifanyia mazoezi mbele ya Darlene, kwanza kwa ovadraivu, kisha kwa distoshen. Darlene alilia. Haikuwa kwa uzuri wake. Halafu akanigeuzia mgongo, akawa anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, akauliza: "Na pedali ya kuomba radhi wanauza wapi?"

Nimeitafuta katika jedwali lenu. Hamkuilinganisha.

5. Kwa hiyo nina madai, na sidhani kama ni makubwa. Dai la kwanza, jedwali liongezwe safu yenye kichwa "Je, hujaza nafasi ya shemeji?" na chini yake muandike hapana, hapana, hapana, hadi pedali ya kumi na tisa, ili msomaji mwingine asipotee. Dai la pili, yule mtaalamu wenu aliyegawa nyota apandishwe ndege, aje Ijumaa hii kabla ya saa kumi na moja jioni, apande jukwaani apige walzi ile yeye mwenyewe. Aje na gitaa. Ingefaa awe na kitambi kidogo na kofia ya sufu ya kijani ambayo haivui hata ndani ya nyumba, na akikosea noti amwangalie mpiga besi kana kwamba ndiye aliyekosea. Ajue pia kunikonyeza kabla ya ubeti wa mwisho, la sivyo mimi huwa sijui wimbo unakwisha lini. Dai la tatu, mniandikie barua yenye muhuri, nimwonyeshe mke wangu, ikisema kwamba kilichoivunja familia hii ni ukurasa wa 44 na wala si mtu yeyote anayeishi Saxon Hollow.

Hayo mawili ya kwanza tunaweza kujadiliana. La tatu nalitaka kabla ya Ijumaa.

Nisalimie wote hapo ofisini: mchora jedwali, wapiga picha, na mwenye kuchagua ukubwa wa herufi za ukurasa wa 47, ambaye namwombea macho mema uzeeni. Darlene naye anawasalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Ni mimi msomaji wako mwaminifu, niliyedhulumiwa,
Regis Hlavaty
Mpiga besi

Nyongeza, Alhamisi asubuhi. Ndugu Mhariri, usiichapishe barua hii. Jana theluji ilianguka tena. Nilikuwa naipeleka posta, nikapita mbele ya nyumba ya Emil, naye alikuwa anazoa peke yake na ile kofia yake kichwani. Nilitaka kupita. Wallahi nilitaka kupita, lakini nilishuka, nikatoa koleo langu kwenye buti la gari na kuanzia upande wa pili. Tulizoa mpaka makoleo yakagongana. Nikamwambia, "Shemeji, nilikigusa. Nilijua ni chako, na nikakigusa."

Akaegemea koleo. "Na hizi wiki nane zote ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nalinganisha pedali," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Kumbe Ijumaa zote tatu alikuwepo! Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kununua samaki wa kuchukua, halafu anasimama jikoni kati ya masufuria hadi tumalize kupiga. "Ile ya tatu nilitaka kupanda nikuokoe," akasema, "Kuzma akaniswaga nje pamoja na wengine." Nililia pale barabarani, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na wala sioni haya kukwambia.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wewe ulishika kalamu ukagawa nyota, lakini sikulaumu, hukuwa unatujua. Pedali zote mbili ni nzuri na nyota zake ni za haki. Emil amezichukua kwa ajili ya gitaa lake na sidhani kama nitaziona tena. Bibi Dolores amekwisha kutoa gauni kabatini. Kesho nitapiga besi tupu, waya kutoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, na wimbo ukifika kwenye solo sitagusa kitu, maana mahali pale pana mwenyewe.