Chumba cha Nyuma na Kifungu cha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Dada yangu mkubwa anasema hasira ikiandikwa haipandishi presha. Yeye ni muuguzi na ana mashine ya kupimia, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Basi naandika.

Leo nimekutana ngazini na Mzee Hati, jirani wa ghorofa ya pili, chini yangu. Jina hilo nimempa mimi, maana hawezi kumaliza sentensi bila kutaja hati ya nyumba yake. Alikuwa anapandisha godoro pamoja na bwana mmoja wa makamo, wakala wa bima. Nikauliza kama ni mgeni. Akasema hapana, ni mpangaji, amempa chumba cha nyuma. Alilisema hivyo hivyo tu, hadharani, wala hakupunguza sauti.

Mimi nami nina chumba cha nyuma. Kipo juu ya chake kabisa. Ndani mna pasi mbovu, feni isiyozunguka na masanduku ambayo sijui yana nini. Lakini mimi siruhusiwi! Yeye nyumba ni yake, mimi nimepanga, na mkataba wangu una kifungu cha saba: mpangaji hatapangisha nyumba wala sehemu ya nyumba kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Ukuta ule ule, bomba lile lile, sheria mbili. Nimekaa hapa miaka tisa. Madirisha nimeyapaka rangi kwa mkono wangu. Yeye kahamia juzi.

Mkataba wangu uliisha mwezi jana. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu, ameniletea mpya nitie saini. Sitii. Kifungu cha saba kikitoka, nitasaini. Nimeufungia kabatini. Tuone nani atachoka kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika malalamiko kwa kamati ya jengo. Kurasa tatu. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na moja huu katikati ya majalada, barua haiwezi kunishinda. Nimeweka kumbukumbu namba, nimeweka Yah, nimepigia mstari. Yah: Biashara Haramu ya Chumba, Ghorofa ya Pili. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi ya kamati na kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Jibu limekuja. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Hati.

Sikuambiwa. Wanasema ilitangazwa kwenye mkutano, na kwamba mimi sikuhudhuria. Mikutano yao ni siku ya mpira.

Anaandika kwamba kwa kanuni za jengo, mwenye nyumba anayeishi mwenyewe ndani ya nyumba yake anaweza kumpangisha mtu chumba, mradi aiarifu kamati kwa maandishi. Naye aliarifu. Ameambatisha ushahidi: barua kutoka kwake kwenda kwa mwenyekiti, ambaye ni yeye, na jibu la mwenyekiti kwamba barua imepokelewa kwa shukrani. Alijishukuru! Na kilichoniuma kuliko vyote, kumbukumbu namba zake zinafuatana vizuri.

Mwishoni ameongeza kwamba mpangaji akitaka kupangisha chumba naye anaweza, aombe tu kwa mwenye nyumba wake. Aombe. Nimeisoma hiyo mara tano na kila mara imenichoma upya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria wa bure. Benchi moja, watu kumi na wanne. Nimesubiri saa mbili nikiwa nimebanwa na bibi mwenye kesi ya mbuzi.

Mwanasheria ni binti mdogo, kalamu nyuma ya sikio. Nikamweleza habari yote tangu godoro. Akaniuliza kama nimemwomba mwenye nyumba. Nikamwambia bado. Akasema basi mwombe, barua ya mistari miwili inatosha, wengi hukubali, na anayekataa inampasa atoe sababu. Nikamwambia hili ni suala la haki. Akasema haki ndiyo hiyo, mistari miwili. Ila nikipangisha kimyakimya, mwenye nyumba anaweza kunitoa, na huyo niliyempangisha naye hatakuwa na pa kushika. Kisha akaita anayefuata.

Sitaomba. Miaka tisa, nikaombe kufungua mlango wa chumba ninacholala jirani nacho? Yule bibi wa mbuzi alikubaliana nami.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata! Fundi cherehani, anashona sare nyuma ya ofisi yetu. Alikokuwa anakaa kunabomolewa. Mtu mtaratibu, haongei sana, mimi ananiita kaka. Ana sharti moja tu: lazima pawe na mkataba wa maandishi. Aliwahi kutolewa nyumba mvua ikinyesha, cherehani ikalowa, na tangu siku hiyo haingii mahali bila karatasi. Nikacheka. Nikamwambia karatasi ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mkataba wa fundi tayari. Nimeuchapa ofisini wakati wa chai. Nimechukua ule mkataba mpya wa Mwalimu, ule niliougomea, nikaunakili wote neno kwa neno. Masjala ina kanuni moja: nakala ni nakala, huongezi wala hupunguzi. Nimebadilisha jina la mpangaji tu.

Fundi ameusoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akauliza mbona jina la mwenye nyumba ni la mama mmoja, si langu. Nikamwambia ndio utaratibu. Akauliza mbona panasema vyumba vitatu, naye anachukua kimoja. Nikamwambia ndio utaratibu. Akauliza mimi ninayempangisha nasaini wapi.

Hapo ndipo utakapoona tofauti ya mjanja na mjinga. Mjinga angejiandika mwenye nyumba, akakamatwa kesho. Mimi jina langu silitii penye hatari. Pa mwenye nyumba nimepaacha wazi, nimesaini kama shahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi amehamia jana. Nimemfundisha la kusema: yeye ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Amesema hawezi kusema uongo, ila anaweza kunyamaza. Afadhali.

Leo Mzee Hati amenisimamisha ngazini. Anasikia kitu kinanguruma juu ya dari yake. Nikamwambia ni binamu yangu, anapenda kujishonea. Akasema amefurahi sana kusikia hivyo, na akaniuliza ni binamu gani anayetundika dirishani kibao cha Tunashona Sare za Shule.

Sikujua kuna kibao. Fundi anasema hakuna mahali kwenye mkataba panapokataza kibao. Nimeangalia. Kweli hakuna.

Jumapili, 16 Machi

Dada amekuja bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Amemkuta fundi jikoni anachambua mchele. Kumbe fundi kunyamaza kwake kuna mipaka, ameeleza yote.

Dada amenifokea mpaka sauti imemkauka. Ndiye aliyenidhamini kwa Mwalimu miaka tisa iliyopita. Amesema nyumba hii nikiipoteza, yeye hana hata kona ya kunilaza, watoto wake wanalala watatu kitanda kimoja. Amesema nimwandikie Mwalimu leo hii, niombe, barua ataipeleka yeye. Nimekataa. Akatoa mashine yake akanipima. Presha iko juu. Nikamwambia imepanda alipoingia yeye.

Ameondoka bila kuaga. Nimejisikia vibaya, lakini msimamo ni msimamo.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja. Mwalimu yuko sebuleni, kwenye kiti changu, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa anasahihisha mkataba wa fundi. Alikuja kufuata ule wangu, fundi akamfungulia, akamuuliza wewe nani, fundi akasema mimi mpangaji, na akamletea karatasi.

Mwalimu amekuta makosa mawili ya nukta. Yote ni yake, mimi nilinakili tu, lakini haukuwa wakati wa kulisema hilo.

Akaanza kuniuliza, polepole, kama nimesimama mbele ya darasa. Jina la mwenye nyumba humu ni lake? Nikasema ndiyo. Aliandika yeye? Hapana. Panasema nyumba yote, vyumba vitatu? Ndiyo. Shahidi ni mimi? Ndiyo. Na ule alioniletea mwezi jana, nimesaini? Nikasema bado natafakari.

Akavua miwani. Akasema, basi mwanangu, hali ni hii. Kuna mtu mmoja aliyeiomba nyumba yangu kwa maandishi, akasaini, na ana shahidi. Na kuna mwingine anayekaa humo bila mkataba. Akaweka chini kalamu nyekundu, akatoa ya buluu, akasaini mkataba wa fundi mbele yangu. Mimi nimepewa notisi ya maandishi, nitoke mwisho wa mwezi.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia huo ni ukatili, miaka tisa, madirisha. Akafungua mkoba wake akatoa bahasha. Dada yangu alimwendea Jumapili jioni, akaniombea radhi, akamweleza habari ya chumba. Ndani ya bahasha kulikuwa na idhini. Chumba cha nyuma, mpangaji mmoja, ameruhusu Mwalimu, sahihi, tarehe. Alikuja leo kunipa, na kuchukua mkataba wangu. Asingechukia chumba, alisema. Alichochukia ni kuona jina lake limeandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Nimeisoma idhini yote. Mistari miwili. Kisha akairudisha mkobani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kwa yule binti mwanasheria. Amesoma notisi, akasoma mkataba wa fundi, akarudi kwenye saini ya shahidi. Alijiuma mdomo asicheke. Akasema notisi ni halali, na mkataba wenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba ameuridhia na kuusaini, nao umeshasimama. Akaniuliza kama ni kweli nafanya kazi masjala.

Nimekusanya karatasi zangu nikatoka. Nina hasira na kila mtu: Mwalimu, dada, binti huyu, fundi na kidole chake. Godoro la yule wakala wa bima ndilo lililoleta haya yote.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Hati amekuja kunipa pole. Ameleta maboksi manne ya kufungashia. Nilitaka kumfungia mlango, lakini maboksi ni mazuri.

Baada ya yeye kuondoka nimekaa sakafuni sebuleni, nikaangalia madirisha. Rangi ya kijani, nimeipaka mara mbili. Nilitumia likizo yangu nzima. Nimelia kidogo. Nyumba hii naipenda, na sijui nitakwenda wapi.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya mwisho. Maboksi yote mlangoni. Dada ameomba kitanda cha kukunja kazini kwake, hakijapatikana.

Saa tisa fundi amebisha, amebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaniambia kaka, keti. Cherehani ameihamishia sebuleni penye mwanga, na sasa chumba cha nyuma ki wazi. Jana alimwandikia Mwalimu barua, mistari miwili, kuomba idhini ya kunipangisha mimi. Mwalimu amejibu siku hiyo hiyo. Ameruhusu. Ameongeza kwamba fundi awe macho.

Nimeketi juu ya boksi, nikamshukuru. Amenipa mkataba, ukurasa mmoja, mwandiko wake mwenyewe. Mpangaji hatampangisha mtu mwingine chumba hiki wala sehemu ya chumba hiki. Nimesaini kama mpangaji. Dada amekuja kusaini kama shahidi, amelia, amenipima, presha imeshuka. Nimewaahidi wote wawili kwamba nimekoma. Na nilimaanisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeusoma tena mkataba wa fundi, kwa utulivu. Anashona vizuri, lakini kuandika mikataba si kazi yake.

Chumba amekitaja. Sehemu ya chumba ameitaja. Kitanda hakukitaja popote. Na kitanda ni changu, nilikinunua mwenyewe, risiti ninayo kwenye jalada. Natoka saa moja na nusu asubuhi, narudi saa kumi na moja, na muda wote huo kitanda kimekaa bure. Wakati huo huo mlinzi wa usiku wa ofisini kwetu analalamika kila siku kwamba kwake hapalaliki mchana, watoto wa jirani wanapiga ngoma za makopo.

Chumba simpi. Nampa kitanda tu, saa za mchana. Mtu anayesema hilo limekatazwa anionyeshe kifungu.

Anaanza Jumatatu. Nimemwambia apande ngazi akiwa ameshika viatu mkononi.