Pipa la Sakafu Mbili

Itangazwe kwa Waswahili wote wa London, kuanzia Kilburn hadi Croydon, kwamba mwaka 2004 bara letu lilitoa mwanasayansi aliyegeuza takataka za zeituni kuwa makaa ya kurutubisha udongo. Mwanasayansi huyo aliitwa Collins, mwenye umri wa miaka kumi na minane, na katika mtihani wa kemia alipata alama kumi na tisa kwa mia, mbili kati yake za kuonewa huruma.

Nafasi aliiona Queensbury, nyumbani kwa Mzee Sadrudin. Binamu wa mzee huyo alikuwa amemletea kutoka Uhispania makapi ya zeituni, maganda na kokwa zinazobaki mafuta yakishakamuliwa, yakajaa gereji. Aliambiwa ni chakula cha kuku. Kuku hakuwa nao. Uvundo ulipofika sebuleni, mkewe alihamia kwa dada yake na kuapa kutorudi mpaka gereji iwe tupu.

"Mzee, hii si taka," alisema Collins, ndani ya koti la shule yake ya bweni. "Haya ni makaa ambayo hayajajijua. Wenye bustani watakupigia foleni."

"Mtambo unao?"

"Ninao. Nipe ile van yako, uchukue mtambo."

Mtambo ulikuwa pipa la sakafu mbili: juu makapi, chini, pasipoonekana, makaa ya kuchomea nyama kutoka kituo cha petroli, ya kutolewa baadaye kana kwamba ni mavuno. Ili kuupa heshima, Collins alimwazima jirani yake wa Kilburn, mama Léocadie, msafishaji wa ofisi, akamvisha koti jeupe na kumwita daktari.

"Usiseme neno, mama. Wewe tikisa kichwa tu."

"Kichwa niko nacho," alijibu mama.

Jumamosi moto uliwashwa nyuma ya gereji. Sadrudin akaenda kusali. Collins akajinyoosha kwenye kiti cha bustani, akasinzia kama watu wa haki, akaiota van.

Alipoamka, Sadrudin alikuwa amerudi, na pipa limekandikwa udongo kama ukuta wa nyumba.

"Mama, umefanya nini?" alinong'ona.

"Umeingiza kokwa, utatoa magogo? Huyu mzee ana macho, mtoto yangu! Makaa yako nimeyatupa. Baba yangu alichoma makaa kwetu Masisi, Kongo, miaka makumi mbili. Kazi ni kuzuia hewa tu."

Pipa likafunguliwa. Kokwa zilikuwa kokwa zilezile, nyeusi tii, na mama alipozimwaga zililia kama vigae. Sadrudin aliokota moja, akaitazama kwa macho ya mtu anayemwona mkewe akirudi na sanduku.

"Nani amefunga hewa?"

Collins alifungua kinywa. Mama Léocadie akatikisa kichwa, kama alivyoagizwa, ila safari hii kwa kukataa, mikono yake bado imejaa udongo.

"Funguo za van ni zako, daktari," alisema Sadrudin. "Uje kila Jumamosi mpaka gereji iishe. Na huyu kijana?"

"Atabeba udongo," alisema mama.

Hadithi hii ilisomwa jikoni kwa mama Léocadie, akasikiliza mpaka mwisho huku akikoroga sombe, kisamvu cha kwao.

"Sasa," aliuliza, "yule Collins alilala. Ndoto yake ya van uliipata wapi wewe?"

Msimulizi akakohoa. Mama akamtazama mkono wa koti la shule, ambapo masizi hayajatoka tangu siku ile.

Basi, nakiri. Na kesho ni Jumamosi.