Utenzi wa Maziko Yangu Usipunguzwe

Ifakara,
9 Machi 1997

Ndugu Kasmiri, Mwenyekiti wa Kigango,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimewaficha jambo tangu Krismasi. Ule utenzi wa beti arobaini wa kuimbwa nitakapozikwa, mnaodhani wanafunzi wangu wa zamani waliutunga kwa kunipenda, niliutunga mwenyewe. Daktari amedokeza kwamba mpunga wa mwaka huu nitausikia harufu tu, kwa hiyo nalalamika mapema.

1. Agnella, mwalimu wenu wa kwaya, amebakiza beti sita. Eti mishororo mirefu inawamaliza pumzi wabeba jeneza. Aliwatwisha vijana benchi la kanisa, wakatembea wakiimba. Ubeti wa nane haujaisha, benchi likawa chini. Tangu lini ushairi ukapimwa kwa mabega?

2. Amefuta ubeti ambamo mto Kilombero unanililia. Anasema mto ule ukilia, watu wanahama. Nilikuwa nafundisha vina na mizani mama yake hajaolewa.

3. Beti zote za vyeo vyangu amezitupa. Mungu anavijua, anasema, na majirani wamevichoka.

4. Kubwa kuliko yote, alikuja kuniuliza kwa nini wanafunzi hao wamemsahau marehemu mke wangu, Balbina. Nikamjibu kwamba huenda jina hilo liliwashinda kwa vina. Akaniaga, akaondoka.

Naomba beti zote zirudishwe. Na kwa kuwa makaburi yako karibu mno na kanisa, jeneza lipitishwe Katindiuka, lizungushwe mashamba ya mpunga mpaka utenzi uishe. Najua ni masika na matope yanafika magotini. Wapokezane, mimi sitakuwa na haraka.

Ombi hili likikataliwa, nitaahirisha kufa hadi kigango kipate mwalimu wa kwaya aliyesoma.

Nisalimie wazee wote, Mama Sikitu, na wanakwaya, pamoja na walioangusha benchi.

Wako kwa muda uliobaki,
Mwalimu Hermenegildi (mstaafu)

Nyongeza: Jana nilijaribu kuuimba hapa kitandani. Pumzi iliniishia ubeti wa pili. Msipite Katindiuka. Hata zile beti sita nimezifuta, nikaandika mmoja wa Balbina. Uko nyuma ya karatasi hii, mpe Agnella aukate atakavyo. Kina cha jina la Balbina hata mtoto wa darasa la tatu angekipata. Siku anakufa aliniita kutoka chumbani, nikamwambia asubiri nimalize ubeti. Ulikuwa ule wa mto kulia.