Programu ya Marehemu Pankras

Jumatatu, 4 Agosti 2003. Mbinga.
Fundi mwenzangu Iddy amebandika tangazo: anaweka programu mpya kwenye ving'amuzi. Ana kompyuta. Mimi nina waya tu! Lakini ving'amuzi vya aina moja hufundishana kwa waya, na cha Bibi Vitalia kina programu mpya. Alikinunua marehemu mumewe, katekista Pankras. Nimempa shikamoo, nikadai nakwenda kukisafisha vumbi. Amekubali, ila kila siku kirudi kabla ya saa sita mchana. Saa hiyo hujiwasha chenyewe kwa sala ya Malaika wa Bwana. Marehemu ndiye aliyekitegesha.

"Kikiwaka najua ameingia ndani," amesema.

Sikupenda alivyosema.

Jumatano, 6 Agosti.
Vinne vya wateja vimeshapata nakala! Programu ndiyo akili ya chombo. Bila hiyo ni bati. Nimepita mbele ya duka la Iddy nikipiga mluzi.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nilikuwa Mapera kwa Ildefonsi, mteja wangu. Ukungu mpaka mlangoni. Alikuwa amezima king'amuzi tunywe chai. Saa sita kamili kikajiwasha, jina PANKRAS kwenye kioo cha runinga. Tulipiga magoti wote. Mteja mwingine, Devotha wa Litembo, cha kwake amekinyunyizia maji ya baraka. Baadaye nikaelewa: nilinakili kila kitu, hata saa na jina alivyoviacha marehemu. Iddy anauliza watu kama siku hizi naweka programu au mizimu. Mshenzi!

Jumamosi, 9 Agosti.
Nimeazima king'amuzi chenye programu safi. Nikaijaribu kwenye cha Bibi Vitalia kwanza. Wateja wengine ni wakali. Jenereta ikazimika katikati, nilibania petroli. Programu imeingia nusu. Akili ya zamani imefutika, mpya haijakamilika. Hakiwaki! Nimekirudisha, nikasema kimechoka, nikaondoka na waya wake wa umeme mfukoni, nikiahidi kukitengeneza kesho yake. Lakini kabla sijaondoka, saa sita ilinikuta pale. Bibi Vitalia na rozari yake, kioo cheusi.

"Leo amechelewa," akasema.

Iliniuma sana.

Jumapili, 10 Agosti.
Baada ya misa nimempelekea Bibi Vitalia king'amuzi cha Devotha, chenye saa na jina la marehemu, ambacho Devotha hataki tena kukiona. Kabla sijakitoa kwenye begi, cha zamani kikawaka taa pale kabatini. Bila waya! Saa sita kamili. Bibi Vitalia akavuta kiti cha mumewe, akamimina chai vikombe viwili. Nilitoka mbio, viatu mkononi.

Njiani nimefikiri. Kama kinawaka, programu imo. Kama imo, inanakilika. Na Kigonsera kuna wateja sita! Nikarudi kumwomba aniazime tena siku mbili. Amenijibu kwa upole kwamba nimwombe mwenyewe mwenye chombo, kesho saa sita.

Nitakwenda na waya wa kunakilia.