Hatua Elfu Tatu za Kumfikia Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya kifua. Nesi amenifunga kidude cha kuhesabu hatua kwenye kifundo cha mguu. Anataka elfu tatu kwa siku. Nikamkumbusha kwamba mapafu yangu ni mabovu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo kwenye faili. Akasema mapafu mabovu yakikalishwa huzidi kudeka, mzee wangu, tembea.

Nimekubali kwa sababu moja: mjukuu. Ana wiki tano, anaishi ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Mama yake, binti yangu, kajifungua kwa upasuaji, bado hashuki ngazi, na mtoto hatolewi nje. Ameapa sitapanda mpaka nesi aridhike. Baba, kasema, sitaki kuja kukuokota kwenye ngazi.

Mke wangu amekwishampakata mara tisa. Anahesabu kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi

Hatua 412. Nguzo mbili tu za umeme, pumzi kwisha. Posta akanipita. Huyu ni tarishi mstaafu, ana ugonjwa uleule, na kifua chake hupiga mluzi kama birika. Akaniuliza kama nasubiri kupigwa muhuri. Nikajidai natazama ndege. Hakukuwa na ndege.

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni fundi cherehani. Leo nilikuwa na sketi ishirini za shule. Nilipoinama kuokota mkasi nikakiona kidude: 6,880! Kumbe mguu unaokanyaga pedeli nao unahesabiwa. Sikuinuka tena kitini. Nimeshona hadi kazi za wiki ijayo; wateja watadhani nimeokoka. Jioni: 14,206.

Mke wangu kauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni afya.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi kasoma, akapangusa miwani, akasoma tena. Kaniita mfano wa kuigwa, mbele ya foleni nzima. Nikaomba ruhusa ya ngazi palepale. Kasema kwanza kesho niongoze matembezi ya kikundi cha wagonjwa wake, nibebe kibendera.

Posta akataka kujua mimi napita njia gani, maana yeye hushinda kwenye benchi la kona na hajaona hata kivuli changu. Nikamwambia napita haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeongoza mpaka nguzo ya pili. Hapo nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kifua kilibana kama kola ya mtoto kwenye shingo ya baba yake. Posta akaketi kando yangu, akanishika bega. Vuta kwa pua, akasema, halafu bana midomo upulize taratibu, kama unapoza chai. Fundi, usiishindanie pumzi. Ikarudi.

Nesi akapiga magoti kunipima. Akakuta uzi wa bluu, karibu nusu mita, umejizungusha kwenye kidude. Akauliza barabara ninayotembelea imeshonwa na nani. Nikakiri yote. Nikajua na mjukuu nimemkosa.

Akacheka mpaka akakalia kibendera. Kasema kesho haangalii namba, ananiangalia mimi. Tutapanda wote, yeye na Posta, na kila ngazi inapokata kona nitapumzika, nitake nisitake.

Jumamosi, 8 Machi

Dakika ishirini na sita. Kwenye kona ya sita nikataka kugeuza. Juu mtoto akalia. Posta, naye akipiga mluzi wake, akasema kifurushi hicho ni chako, kinasubiri sahihi. Nikapanda.

Nimempakata. Mzito kuliko alivyoonekana kwenye simu. Amekishika kidole changu, kile chenye matobo ya sindano, hakukiachia. Binti yangu akafuta macho kwa nepi safi. Mke wangu, kwa mara ya kwanza, hakuhesabu.

Nesi akarudisha kidude kwenye sifuri, akanifunga upya. Nimeahidi kwa moyo wote: hatua zangu nitazitembea mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda tena. Dakika ishirini na tatu! Wanawake wako jikoni, nimeachiwa mtoto.

Ana mateke huyu. Hasa mguu wa kulia. Damu ya fundi haijifichi. Na mkanda wa kidude, ukiukunja mara mbili, unamkaa sawasawa.

Maji ya chai hayajachemka, tayari mia tatu arobaini.