Chupa Tano kwa Jipu Moja

Jumanne, 8 Machi 1966
Mjomba wangu, Mzee Gerishon, ana jipu kwenye kalio. Kubwa kama kiazi! Jumamosi lori linapeleka wanunuzi wa shamba la mzungu huko bondeni wakaokote kura ya kugawana ploti. Asiyefika, jina linafutwa. Ameniahidi ekari ya pembeni nikihakikisha amepona. Ekari yangu!

Nikamshauri aende kwa daktari wa kulipa. Akawaka: hakulala kizuizini kwa mkoloni miaka minne ili alipie sindano, matibabu ya serikali ni bure, hakuna kama hayo Afrika nzima. Tukapanga foleni zahanati toka asubuhi. Saa kumi dirisha likafungwa. Kweli hakuna kama hayo.

Lazarus, karani jirani yetu, beji ya bendera kifuani, akanikemea nisitukane matunda ya Uhuru. Nikamuuliza matunda gani hayo hayaivi mpaka jioni.

Jumatano, 9 Machi
Nimepata akili. Kila mgonjwa huja na chupa yake ya dawa, jina limefungwa shingoni. Chupa ndiyo hushika foleni, mwenyewe yuko kivulini. Nimeokota tano, nikaziandika: Wangila, Simeon, Phineas, Kipngetich, Nduta. Kesho nazitawanya. Itakayoitwa kwanza, Mzee anaingia nayo. Darasa la sita si mchezo.

Alhamisi, 10 Machi
Dresa Nicanor, mgawa dawa wa zahanati, akaita Wangila. Nikamsukuma Mzee. Akagoma! Akatangaza yeye ni Gerishon, na serikali yake itamtibu kwa jina lake. Watu wakageuka. Ikabidi niitike mimi. Nicanor akaijaza chupa dawa, akasema dozi ya kwanza hunywewa mbele yake, maana kuna watu wanauza dawa. Nikanywa. Akaita Simeon. Mwandiko ule ule, ningekana vipi? Nikanywa. Kwa Phineas, Lazarus, naye yuko foleni siku hiyo, akauliza kama nimebeba ukoo mzima tumboni. Kwa Kipngetich nikafumba macho. Nduta nikasema ni dada yangu, hawezi kuinuka. Nicanor akasema basi nimnywee.

Ijumaa, 11 Machi
Choo. Choo. Choo.

Jumamosi, 12 Machi
Lori limeenda bila mimi. Kumbe juzi, nilipokimbilia choo, Lazarus alimpa Mzee nafasi yake kwenye foleni. Jipu likatumbuliwa kwa dakika tano. Mzee amerudi jioni anacheka, ploti iko karibu na mto. Ekari ya pembeni? Amempa Lazarus! Akaniuliza: Macharia, umeyaona sasa matibabu ya bure? Nikamjibu nimeyaona, yote matano.

Jumapili, 13 Machi
Nimewaza. Mpango ulikuwa safi kabisa, kosa ni kutumia watu wazima. Wana maringo. Leo kanisani nesi Nabwire ametangaza kwamba kesho zahanati inagawa maziwa ya unga ya watoto. Bure! Nimeshaandika majina saba. Wakiuliza, nitasema ni pacha.